Chagua Baiskeli kwa Njia Unayopita



Mwezi uliopita mpwa wangu alivunjika mtulinga. Kijana huyu husambaza mikate alfajiri katika maduka ya mtaani kwetu, na baiskeli ndiyo jembe lake. Alikuwa ameuza ile kubwa nyeusi aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaongeza fedha, akanunua baiskeli ya mashindano iliyotumika. Ilikuwa nyepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi nyembamba kama kidole. Kwenye lami ilikwenda kama mshale. Siku alipoiacha lami na kuingia barabara ya kokoto, gurudumu la mbele lilizama kati ya mawe, likamtupa yeye na mikate yake.

Nilipokwenda kumjulia hali aliniamkia, kisha akasema: "Mjomba, dawa nimeipata. Siku hizi kuna baiskeli za changarawe. Nichangieni ninunue moja." Alikuwa ameziona kwenye simu. Sikumjibu siku ile. Jibu langu ndilo mazungumzo ya leo, maana najua si yeye peke yake mwenye hamu hiyo.

Baiskeli ya changarawe ni kitu gani? Sifa zake zilienea kutoka Marekani. Mwaka 2006, katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas, waendesha baiskeli 34 walianza shindano la maili 200, yaani kilometa zaidi ya 320, kwenye barabara za vijijini zenye mawe makali ya gumegume. Wakati ule kila mtu alikuja na baiskeli aliyokuwa nayo. Viwanda vilipoona watu wanaongezeka, vikaunda baiskeli ya kazi hiyo hasa. Kufikia mwaka 2022 mchezo huo ulikuwa na ubingwa wake wa dunia, uliofanyika Italia.

Sasa tulinganishe. Baiskeli ya mashindano ya lami ina tairi ya milimita 25 hadi 30 hivi, na hujazwa upepo mpaka ikawa ngumu kama mti. Ile ya milimani ina tairi nene, milimita 50 na kuendelea, na foku yenye springi. Hupita penye mizizi na makorongo, lakini kwenye lami ni nzito, humchosha mwendeshaji bure. Ya changarawe imekaa katikati. Usukani ni wa pembe za kondoo, lakini tairi ina milimita 40 hivi, upepo ni mdogo ili imeze mtikisiko, breki ni za diski, na fremu imerefushwa kidogo ili itulie penye utelezi.

Ni baiskeli nzuri, sikatai. Mtu anayekwenda mbali, nusu lami nusu vumbi, bila mzigo mzito, na mfuko wake unaruhusu, atafurahi nayo. Lakini mpya yake aghalabu hukaribia bei ya pikipiki, na nyingine huizidi. Tena cheni yake ya gia 11 ikikatika, fundi wetu wa chini ya mwarobaini ataitoa wapi nyingine?

Hapa ndipo ninapotaka mpwa wangu anisikilize. Ile baiskeli nyeusi ya inchi 28 aliyoiuza ilikuwa na tairi ya inchi moja na nusu. Pimeni wenyewe: ni karibu milimita 40 zile zile! Unene wa tairi anaoutafuta kwa mamilioni alikuwa nao nyumbani. Kweli, ile ni nzito, kilo 20 hivi, haina gia, na breki zake za vyuma huhitaji kuangaliwa kila mara. Lakini ina keria inayobeba mzigo, na vipuri vyake havisumbui.

Wala tusidhani kuna baiskeli isiyoangusha. Suleiman Kangangi wa Kenya alikuwa mwendeshaji hodari mwenye vifaa vya kisasa. Agosti 2022 alianguka katika shindano la changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki dunia. Changarawe haina rafiki.

Basi, mpwa wangu, mchango tutakupa. Tutakununulia kubwa nyeusi, fundi akaze spoku, abadili viatu vya breki, na fedha itakayobaki ukalipie matibabu. Siku ukipata kazi ya kwenda mbali bila mzigo, tutazungumza habari za changarawe.

Na wewe msikilizaji, kabla hujatoa fedha, usitazame rangi wala picha. Jiulize mambo matatu: napita wapi, nabeba nini, na ikiharibika nani ataitengeneza? Wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake.