Mficha maradhi, kilio kitamuumbua



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalidhani ni la ofisini tu: ufuatiliaji wa magonjwa. Kwa sisi wa Bukoba na Muleba, jambo hili si la ofisini hata kidogo. Maana yake ni kwamba mtu anapougua ghafla kijijini, nani anatoa taarifa, anaipeleka kwa nani, na inachukua siku ngapi kufika.

Tukumbuke yaliyotupata. Tarehe 16 Machi 2023 Serikali ilitangaza kuwa watu watano wamefariki kwa ugonjwa usiojulikana katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Siku tano baadaye, tarehe 21 Machi, ikatangazwa kuwa maabara imethibitisha ugonjwa huo ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa nchini Tanzania. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba. Baada yake waliugua watu wa familia yake na watumishi wawili wa afya, ambao mmoja wao alipoteza maisha.

Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni 2023, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Kwa familia zilizofiwa hiyo si hesabu ndogo. Lakini Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, na katika milipuko mingine duniani umeua hadi watu 88 katika kila wagonjwa 100. Je, ni nini kilichouzuia usifike kila kata?

Kilichouzuia ni kazi ya kubisha hodi. Watu 212 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini kuanzia siku 2 hadi 21 kabla dalili hazijaonekana. Kisha zikahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, ndipo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Sasa fikirini, ndugu wasikilizaji, kazi hiyo ingewezekanaje kama watu wangeficha majina? Anayejua nani alimlisha mgonjwa uji, nani alifua mashuka yake na nani aliuosha mwili wake, si daktari wa wilaya. Ni sisi majirani.

Na hapa ndipo penye ugumu. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na msibani kila mtu hufika. Hiyo ni heshima tuliyolelewa nayo, wala sisemi tuitupe. Lakini virusi vya Marburg huambukiza kupitia damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, hata baada ya mtu kufariki. Kumheshimu marehemu si lazima kumgusa. Mazishi yanayosimamiwa na watu waliofunzwa, ndugu wakiwapo na kusali wakiwa mbali kidogo, ni mazishi kamili.

Mkoa wetu unajua gharama ya kuchelewa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Wako waliosema ni uchawi, na wako waliouita Juliana, jina la nguo zilizovuka mpaka na wafanyabiashara. Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa wake.

Lakini taarifa haipandi tu kutoka kijijini. Inapaswa pia kushuka. Marburg ilirudi mkoani, safari hii wilayani Biharamulo, jirani wa Muleba. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana aliugua Desemba 2024. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari. Kesho yake Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha kuwa upo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Watu 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa, wawili kwa vipimo na wanane kwa kukisiwa, wote walikuwa wamefariki.

Mimi naamini mwananchi anayeambiwa ukweli mapema hutoa ukweli mapema. Tukidai wa Goziba, Maruku na Biharamulo wasifiche wagonjwa, basi na wakubwa wasichelewe kutuambia kilichopo. Hofu hukua pale habari inapokosekana.

Kwa upande wetu, hapana budi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Tusiingie kwenye mapango ya popo wala kula matunda waliyoyang'ata. Tunawe mikono kwa sabuni. Ukiona homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, usimwuguze mtu huyo kwa siri. Mpigie mhudumu wa afya wa kijiji chako, au piga 199 bila malipo. Na ukisikia vifo viwili au vitatu vinafuatana katika nyumba moja, usingoje cha nne.