Dawa za Kusafisha Tumbo na Afya ya Utumbo: Suala la Kipimo katika Tiba Asili Mkoani Tanga

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waganga wa tiba asili, wakunga wa jadi na watumishi wa afya, Tanga

1. Utangulizi

Maana za maneno nitazipitia mbiombio kwa kuwa humu ukumbini hakuna mgeni wa mambo haya. Tiba asili ni ile tuliyoirithi kwa wazee wetu. Tiba mbadala ni ile iliyotujia kutoka kwa mataifa mengine. Zote mbili zinasimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, chini ya Baraza lake. Ayurveda ni elimu ya tiba ya Kihindi, na utaratibu wake wa kusafisha mwili huitwa panchakarma, yaani matendo matano: kutapisha, kuharisha, kuingiza dawa kwa njia ya haja kubwa, kutia dawa puani na kutoa damu.

Kwa mtu wa mwambao hakuna jipya hapo. Kuumika kwa chuku tunakujua. Sanamaki, haluli, shubiri na mafuta ya nyonyo tunavijua, na wengi wetu tulibanwa pua utotoni tukanyweshwa hayo mafuta. Uganga wa pwani ni maji ya mito mitatu: mitishamba ya wenyeji, tiba ya Kiyunani iliyoletwa na Waarabu, na elimu ya India iliyokuja kwa majahazi. Hata lugha imehifadhi ushahidi. Safura, ambayo leo ni jina la ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu, kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne ambayo tabibu wa Kiyunani alikusudia kuyaweka sawa.

Naomba nieleweke kwamba sisemi kwa niaba ya Wizara wala Baraza. Nasema kwa yale niliyoyaona kwa miaka kumi na minne ya kuratibu tiba asili.

2. Utumbo na wakazi wake

Utumbo mpana una wakazi wake, bakteria wengi mno. Wanavunja makapi ya chakula ambayo tumbo limeshindwa kuyasaga, wanawazuia wadudu waletao maradhi wasipate pa kukaa, na wanaulisha ukuta wa utumbo wenyewe. Wataalamu wa Ayurveda hawakuwaona bakteria, lakini walisisitiza kwamba afya huanzia kwenye agni, moto wa mmeng'enyo, na kwamba moto huo ukizimika mwili wote unachafuka. Hapo hatugombani nao.

Sasa tuitazame sanamaki. Viini vyake hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kubadilika. Vikishafika utumbo mpana, bakteria wa huko ndio wanaovivunja na kutoa kile kinachousukuma utumbo. Maana yake ni kwamba sanamaki haifanyi kazi yenyewe. Inafanyiwa kazi na wakazi haohao tunaowaita uchafu na kutaka watoke wote. Anayemwendesha mgonjwa siku saba mfululizo anawafukuza wenyeji wa nyumba aliyokuja kuifagia.

3. Tatizo lenyewe: kipimo

Sikuja kuipinga sanamaki. Ni dawa ya kweli, na hospitali zenyewe hutumia vidonge vilivyotokana nayo. Ninalopigania tangu nianze kazi hii ni kipimo.

Siku moja, katika kituo kimoja cha afya mkoani kwetu, aliletwa mtoto wa kiume wa mwaka na nusu, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa bibi yake. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, analia pasipo machozi. Nilimbana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi. Bibi alifungua fundo la kanga akatoa chupa ya maji ya nusu lita, ile tunayoitupa barabarani, ndani mna maji ya rangi ya chai na majani yametuama chini. "Mwanangu," akaniambia, "alikuwa akiharisha, nikamsafisha huo uchafu utoke wote." Nikamuuliza, "Bibi, umempa kiasi gani?" Akajibu, "Kiasi chake cha kitoto."

Hakuwa mzembe. Alirudia neno kwa neno alivyoelekezwa na aliyemuuzia. Tulimketisha mtoto, tukamnywesha maji ya ORS kijiko baada ya kijiko, bibi ameshika kikombe, mimi nimeshika saa. Alasiri mtoto akakojoa, na bibi yule akalia kwa kuona kanga yake imelowa. Tukampa na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10.

Kiasi cha kitoto ni kiasi gani? Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao: ukufi, konzi, chopa. Mzee aliyepima kwa konzi alikuwa na mkono mmoja maisha yake yote, jani lake alilichuma na kulianika mwenyewe, na mgonjwa wake alikuwa jirani. Asubuhi alipita mlangoni kumtazama. Leo jani limesafiri, halijulikani ni la msimu gani, anayepima ni kijana wa dukani, na mgonjwa anapanda basi kwenda Handeni na chupa yake. Konzi imebaki ileile kwa jina, lakini kila kilichoipa maana kimeondoka.

Shirika la Afya Duniani linataja gramu 1 hadi 2 za majani makavu ya sanamaki kwa mtu mzima, usiku, na linasisitiza kwamba kipimo sahihi ni kile kidogo kabisa kinacholainisha choo. Si dawa ya kutumia zaidi ya wiki moja au mbili. Anayeizoea hupoteza maji na potasiamu. Misuli hulegea, mapigo ya moyo huvurugika, na utumbo husahau kazi yake.

Kuna na hatari ya kuchanganya, ambayo naomba waganga mnisikilize kwa makini. Kila dawa ina saa yake. Mafuta ya nyonyo hufanya kazi kwenye utumbo mwembamba, kwa kawaida baada ya saa 2 hadi 6. Haluli ni chumvi inayovuta maji kuingia utumboni, nayo haikawii. Sanamaki huchukua saa 6 hadi 12. Mgonjwa aliyekunywa sanamaki baada ya isha, akiona kimya hadi saa nne usiku, anadhani dawa imechacha, anaongeza haluli. Alfajiri zote mbili zinakutana. Akiwa na figo mbovu, haluli hiyo inabaki mwilini mwake kama sumu. Akiwa mjamzito na akapewa nyonyo, mfuko wa uzazi unaweza kuanza kujikaza kabla ya wakati.

Ayurveda yenyewe, ambayo baadhi ya wauzaji wanaitaja kwenye mabango yao, hairuhusu haya. Kuharisha kwa utaratibu wao hutanguliwa na siku kadhaa za kunywa samli na kutolewa jasho. Dawa yenyewe ya kuendesha ni ya siku moja tu. Kisha mgonjwa hurudishwa kwenye chakula polepole, uji mwepesi kwanza, kwa siku 3 hadi 7. Watoto wadogo, wazee dhaifu na wajawazito hawaguswi. Sisi tumechukua kuharisha peke yake tukaacha maandalizi, mapumziko na makatazo.

Tukumbuke kikombe cha dawa ya mitishamba ambacho watu walikifuata Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Mjadala wa kama kilitibu tuuache pembeni. Lakini kilikuwa kikombe kimoja, kwa shilingi 500, kilinyweshwa palepale, na hakuna aliyerudi na chupa ya kujipimia nyumbani. Hilo pekee natamani tuliige.

Suala hili nimeliandika kwenye taarifa zangu mara nyingi. Jibu huwa moja: elimu iendelee kutolewa. Naheshimu jibu hilo. Lakini elimu ya kumwambia bibi apunguze haimsaidii, kama hajui apunguze kutoka wapi.

4. Mapendekezo

Kwanza, dawa ya kuendesha isiuzwe kwa fungu wala konzi; ipimwe kwa gramu, ifungwe kipimo cha usiku mmoja. Pili, kila pakiti iandikwe kwa Kiswahili jina la mmea, kiasi, saa ya kunywa na nani asiinywe. Tatu, asiyejua kusoma aelezwe kwa mdomo na arudie alichoelezwa kabla hajaondoka. Nne, mtoto aliye chini ya miaka 12 asipewe sanamaki, na mtoto anayeharisha asipewe dawa yoyote ya kuendesha. Apewe ORS na zinki, na afikishwe kituoni. Tano, mjamzito, mgonjwa wa figo na mzee dhaifu waulizwe hali zao kabla ya pesa kupokelewa. Sita, dawa mbili za kuendesha zisitolewe siku moja. Saba, dawa za unga zinazoingizwa zipimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali; uchunguzi uliofanyika Boston, Marekani, mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani. Nane, wahudumu wa afya waache kumfokea mgonjwa aliyetoka kwa mganga, maana kesho atamficha. Tisa, halmashauri zitenge fedha za mizani ndogo kwa kila mganga aliyesajiliwa. Kumi, narudia la kwanza: isiuzwe kwa konzi.

Haya si makubwa kwa Tanga. Ni katika mkoa huu ambako tangu miaka ya 1990, kupitia Tanga AIDS Working Group, madaktari wa hospitali ya Bombo na waganga wa Pangani walikaa pamoja kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba, wakati wengi walikuwa hawataki hata kuwagusa. Waliweza kuaminiana kwenye jambo zito kuliko hili.

Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, nimekuja na mizani ya sonara na mfuko wa sanamaki niliyoinunua Ngamiani jana jioni. Kabla hatujaenda chai, naomba kila mganga achote konzi yake moja, aiweke juu ya mizani, na katibu aandike ubaoni. Nitaanza na mama aliyeketi hapa mbele.