Mtoto si Ngawira ya Talaka

(Muhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Kila sifa njema ni ya Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baad. Ndugu zetu katika imani, tumeombwa tuzungumzie talaka na malezi ya watoto baada yake. Namna talaka inavyotolewa imekwishaelezwa mara nyingi katika misikiti yetu, nasi tutaipitia kwa haraka. Malezi ndiyo yaliyoachwa nyuma, na dhulma iliyomo humo ni kubwa, kwa kuwa anayedhulumiwa hana ulimi wa kushitaki.

Mwenye kukusudia kuacha amewekewa taratibu. Kwanza waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke (An-Nisaa: 35). Wakishindwa, itolewe talaka moja katika twahara ambayo mume hakumuingilia mkewe, na mke akae eda yake ndani ya nyumba ile ile bila ya kufukuzwa (At-Talaaq: 1). Anayetuma talaka tatu kwa ujumbe wa simu, na kulipokucha mama na watoto wako nje na godoro lao, huyo amekwishavunja amri zilizo wazi kabla hata hatujafika kwenye mlango wa malezi.

Tukija sasa kwenye malezi, wanazuoni wa fiqhi huyaita hadhana, neno linalotokana na mahali pale kifuani ambapo mama humpakata mtoto. Jina lenyewe linatufahamisha kuwa yanayotazamwa hapa ni mahitaji ya mtoto: nani atamuogesha, nani ataamka usiku akiugua. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdullahi bin Amru (Radhiya Allaahu 'anhuma) kisa cha mwanamke aliyemlalamikia Mtume kwamba mumewe amemuacha na anataka kumpokonya mwanawe, ilhali yeye ndiye aliyembeba tumboni, akamnyonyesha na kumlea. Mtume alimhukumia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa.

Na kipo kisa kingine ambacho tungependa kila mwanamume aliyemo humu akisikie. Imamu Malik ameeleza katika Muwattaa kwamba Umar bin al-Khattab (Radhiya Allaahu 'anhu) alikuwa na mke katika Answari, akazaa naye mtoto aliyeitwa Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alifika Qubaa akamkuta mwanawe akicheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha juu ya mnyama wake aondoke naye. Bibi wa mtoto akamuwahi, wakamgombea mpaka wakafika kwa Abubakar, aliyekuwa Khalifa. Kila mmoja akadai kuwa mtoto ni wake. Abubakar akamuamuru Umar amuache mtoto kwa bibi yake, na Umar hakurudisha neno.

Tulizingatie hili. Aliyeshindwa katika kesi ile ni Umar, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kuwa hakuwa na uwezo wa kulea, wala kuwa dini yake ilikuwa na dosari. Hakusema "damu yangu", hakutishia kukata matumizi. Na mtoto aliyeachwa kwa bibi yake hakupotea: binti yake Asim ndiye aliyemzaa Umar bin Abdul-Aziz, Khalifa mwadilifu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika pwani yetu, mama hulea mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, nao hukadiriwa kuwa miaka 7. Hapo mtoto huhiyarishwa baina ya wazazi wake, kwa kutegemea hadithi ya Abu Huraira ambamo Mtume alimpa kijana hiyari naye akaushika mkono wa mama yake. Madhehebu nyingine zina makadirio tofauti, hasa kwa mtoto wa kike, na hatuna haja ya kuyafungua yote leo.

Lakini lipo kosa moja lililoenea mno. Baba akisikia tu kwamba mtalaka wake ameolewa, siku ya pili yuko mlangoni kuchukua mtoto. Kwa mujibu wa Mashafi, haki ya mama ikisita kwa sababu hiyo huhamia kwanza kwa bibi mzaa mama, maadamu ametimiza masharti ya ulezi, kabla ya kumfikia baba. Na Mtume alipohukumu baina ya Ali, Jaafar na Zaid kuhusu binti wa Hamza, alimpa khaloo yake, naye alikuwa ni mke wa Jaafar. Kwa hiyo si kila ndoa humuondolea mlezi haki yake.

Tuje kwenye nafaqa. Wapo wanaosema: "Mtoto yuko kwa mama yake, basi alishwe huko huko." Kauli hii haina mguu wa kusimamia. Ulezi ni jambo moja na matumizi ni jingine. Al-Baqarah aya ya 233 imemuwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, na ikakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Na At-Talaaq aya ya 6 inataka hata ujira wa kunyonyesha alipwe mama aliyeachwa. Sisi tunaosomesha madrasa tunawaona watoto hawa: baba yuko safu ya mbele msikitini, na mwanawe hana msahafu.

Aya hiyo ya 233 inawahusu akina mama pia. Kumficha mtoto asionane na baba yake, au kumjaza chuki mpaka akimuona anakimbia, ni madhara yale yale yaliyokatazwa.

Baadhi ya ndugu huuliza kuhusu mahakama. Wenzetu wa Zanzibar na Kenya wanazo Mahakama za Kadhi katika mfumo wa dola. Huku Tanzania Bara hazimo, na mashauri haya huendeshwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 pamoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 107(3) cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama itoe hukumu ya talaka ikithibitika kuwa ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza la usuluhishi limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, na baada ya hapo talaka imepita kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Kifungu cha 125 kinachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka 7 ni kheri kwake awe na mama, mpaka ithibitike vinginevyo. Na kifungu cha 129 kinamlazimisha baba kumtunza mtoto hata akiwa mikononi mwa mtu mwingine. Anayekimbia sheria ya dola kwa hoja ya dini, ilhali katika nafaqa dini imemwambia lile lile, basi anakimbia mfuko wake.

Hata hivyo ni bora mambo yamalizwe kabla ya kufika huko. Wazee wa pande mbili wakikaa kusuluhisha, wasiondoke kwa maneno matupu ya "tutaangalia". Iandikwe: nafaqa ni kiasi gani na hutolewa tarehe ngapi, nani analipa ada ya shule, nani anagharimia matibabu, na siku zipi mtoto atakuwa kwa baba yake. Wazazi watie saini, mashahidi wawili watie saini, na kila upande ubaki na nakala yake.

Wallaahu a'lam.