Nyuzi 18: Joto la Nyumba Wakati Bili Zinapanda



Utangulizi

Mada hii inazihusu familia za Waswahili zinazoishi Uingereza. Oktoba 2021, kikomo cha bei ya gesi na umeme kwa nyumba ya matumizi ya kawaida kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka. Oktoba 2022, hata baada ya serikali kuingilia kati, bili ya nyumba hiyohiyo ilikadiriwa kuwa pauni 2,500. Wengi wetu tulizima hita. Hoja yangu ni kwamba kipo kiwango cha joto tusichopaswa kushuka chini yake. Akiba tuitafute kwingine.

1. Kiwango chenyewe

Mwongozo wa makazi wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza nyuzi 18 za Selsiasi kuwa kiwango cha chini, na zaidi ya hapo kwa wazee, watoto na wagonjwa. Baridi hubana mishipa ya damu, shinikizo likapanda na moyo ukaelemewa. Bibi aliyekuja kulea wajukuu akae penye nyuzi 20 au 21. Chumba cha mtoto mchanga kiwe kati ya 16 na 20, kwani joto likizidi nalo ni hatari kwake akiwa usingizini.

2. Unyevu

Nguo zinazoanikwa chumbani, sufuria ya maharage isiyofunikwa, pumzi za watu watano usiku kucha: mvuke wote huo hugusa ukuta wa baridi na kugeuka maji. Haupiti muda, madoa meusi ya kuvu yanatokeza nyuma ya kabati. Desemba 2020, huko Rochdale, mtoto Awaab Ishak alifariki akiwa na miaka miwili. Uchunguzi rasmi wa Novemba 2022 ulithibitisha kuwa kuvu ya nyumbani mwao ndiyo iliyomletea maradhi ya kupumua yaliyomuua. Baba yake alikuwa ameshalalamika. Kwa hiyo ukiiona kuvu, usikubali kuambiwa upake rangi tu: piga picha, mwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe, weka nakala.

3. Penye akiba

Kama boila yako ni ya kisasa na haina tangi la maji moto, shusha joto la maji yanayokwenda kwenye redieta hadi nyuzi 60. Chumba kitachelewa kidogo kupata joto, lakini gesi itapungua. Sogeza kochi mbali na redieta, ziba upenyo chini ya mlango, funga mlango wa jikoni unapopika na ufungue dirisha la humo. Wenye mita za kulipia kabla wakumbuke kuwa ada ya kila siku hulimbikizwa hata kiangazi. Usipoongeza salio miezi hiyo, fedha yako ya kwanza ya Oktoba italipa deni kabla ya kupasha nyumba.

Mapendekezo

Kila nyumba iwe na kipimajoto sebuleni. Vyama vyetu, misikiti na makanisa viteue watu wa kuwatembelea wazee, kusoma nao barua za bili na kuwasaidia kupata punguzo la pauni 150 linalotolewa majira ya baridi kwa wanaostahili. Tukianza Septemba, hakuna mzee wetu atakayelazimika kuchagua kati ya chakula na joto.