Mashine Isiyo na Dereva na Udongo Wetu

Ndugu wakulima wa Kilwa na mwambao wote wa Lindi, leo tuzungumze juu ya roboti, yaani mashine ziendazo zenyewe penye mawe, mashimo na mchanga. Usizime redio, ndugu yangu. Shida ya mashine hizo ndiyo shida ya trekta unalolikodi.

Mwezi Januari 2004 mashine ya Wamarekani iitwayo Spirit ilitua katika sayari ya Mirihi. Uzito wake ulikuwa kama kilo 180 tu. Ilikuwa na magurudumu sita, kila moja na mota yake, na vyuma vyake viliungwa hivi kwamba gurudumu moja likipanda jiwe, mengine yanabaki yamekanyaga chini. Maagizo yalitoka duniani kwa redio, nayo ikakwepa vizuizi yenyewe. Ikapita penye mawe, ikapanda hata kilima.

Basi unajua kilichoishinda? Mwaka 2009 ilikanyaga mahali palipoonekana pagumu. Kumbe juu ni gamba tu, chini mchanga laini. Ikanasa. Mafundi walihangaika miezi mingi, haikutoka tena.

Wewe uliyekatiza uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko unalijua gamba hilo. Na mabondeni kwetu, Matandu au Mbwemkuru, udongo wa mfinyanzi hukauka juu kwanza, chini bado tope. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha yako, chukua jembe, chimba mpaka kina kile plau itakachofika. Shika udongo wa chini, siyo wa juu, ufinye uwe donge, kisha liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika, trekta liingie. Likibonyea kama ugali, ngoja siku kadhaa, upime tena. Pima sehemu mbalimbali za shamba, hasa bondeni.

Najua utasema, trekta lenyewe ni moja, likiondoka halirudi. Ni kweli, na hapo ndipo wengi tunaponaswa. Lakini trekta likipita kwenye tope hushindilia udongo chini. Mvua ikija maji yanatuama, na ufuta hauvumilii maji kusimama. Utakuwa umelipia kulimiwa, halafu ukalipia hasara.

Nguvu peke yake haisaidii. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufika mpaka Nachingwea, ulileta Tanganyika makatapila na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa trekta. Udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kwanza. Mwaka 1951 ukaachwa.

Na likinasa je? Mwaka 2005 Opportunity, pacha wake Spirit, ilikwama mchangani zaidi ya mwezi mmoja. Ikatolewa kwa kuzungusha magurudumu polepole, kidogo kidogo. Dereva akikanyaga mafuta kwa hasira, gurudumu linazidi kujichimbia. Fungueni plau, chimbeni tope mbele na nyuma ya magurudumu, tandikeni matawi au makuti, kisha arudi nyuma taratibu, watoto wakiwa mbali. Msifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili lijivute: trekta huweza kubinuka kinyumenyume likamlalia dereva.