Simu ya Milioni Tatu: Chombo au Pambo?



Wiki hii nazungumzia simu za mkononi. Si zile za kawaida, bali ile moja ambayo kila kampuni huitanguliza mbele kama fahali wa zizi lake. Niliyoichunguza ni Galaxy S24 Ultra ya Samsung. Ilitangazwa Januari 2024, na bei yake ya kuanzia huko Marekani ilikuwa dola 1,300 kasoro senti moja. Kwa thamani ya wakati ule, dola moja kwa shilingi 2,500 hivi, hizo ni shilingi milioni tatu na robo, kabla ya usafiri, kodi na faida ya mwenye duka. Mtumishi wa serikali wa kima cha chini, aliyekuwa akilipwa shilingi 370,000 tangu Julai 2022, angehitaji mishahara karibu tisa, tena bila kula.

Mpwa wangu aliniachia simu hiyo siku chache huku Kibosho, nami niliitumia kama mtu anayetaka kujua, si kama mtu anayetaka kuonekana.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Fremu yake ni ya titaniamu. Kioo chake cha inchi 6.8 kimetengenezwa kupunguza mng'ao, na kweli nilisoma ujumbe juani bila kukinga kwa kiganja. Imezuiwa maji isiingie, hivyo mvua na ukungu wa mgombani havikunitia hofu. Asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Kibo, niliivuta theluji kwa kamera yake nikaiona kama iko ng'ambo ya mfereji. Tena kampuni imeahidi kuihudumia kwa mfumo mpya na ulinzi kwa miaka 7.

Sasa tugeuze upande wa pili. Mgongo wake ni kioo pia. Ikiponyoka mkononi kwenye mawe ya njia zetu, titaniamu ya pembeni haitakuokoa. Sandukuni mna waya, chaja hamna, utanunua mwenyewe. Nafasi ya kuongeza kadi ya kumbukumbu haipo. Redio ya kunasa mawimbi ya hewani nayo haipo. Kwa hiyo mwenye simu ya milioni tatu hawezi kunisikia bila bando, lakini bibi mwenye simu ndogo ya vibonye ananisikia bure akichambua maharage.

Sifa iliyopigiwa debe kuliko zote ni kutafsiri mazungumzo papo hapo wakati watu wawili wanapiga simu. Ilianza na lugha 13. Kiswahili hakikuwamo. Kwa hiyo mteja wa Afrika Mashariki alilipa bei kamili ya akili ambayo haikujua lugha yake.

Wako watakaosema kwamba simu kama hii ndiyo inayofaa mlimani. Ni kweli kwamba mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Lakini baridi haiulizi bei. Betri za lithiamu hutoa nguvu kidogo zinapopoa, kwa sababu kemikali ndani yake hufanya kazi polepole. Simu ghali na simu rahisi zote hulazwa ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na mwili wa mwenyewe.

Je, asinunue mtu? Hapana, sisemi hivyo. Gawanya milioni tatu na robo kwa miaka 7, unapata chini kidogo ya shilingi 39,000 kwa mwezi. Mpiga picha wa harusi au mwongoza watalii ambaye simu yake inamletea kazi, hesabu hiyo anaiweza, mradi aitunze na akumbuke kwamba betri itazeeka kabla ya simu. Huyo amenunua jembe.

Ninayemhofia ni yule anayekopa mwezi wa Novemba ili apande nayo Desemba, aiweke mezani kando ya mbege ndugu waione, na mwaka wa pili atafute nyingine. Huyo hesabu yake si 39,000. Ni zaidi ya 130,000 kila mwezi kwa miezi 24, hata kabla ya riba. Kwa kiasi hicho watoto wanakwenda shule, na mama kihambani anatumiwa fedha, ambazo atazipokea vizuri tu kwenye simu yake ya vibonye yenye tochi. Fedha zinazotumwa kwa simu hazichagui titaniamu.

Kabla hujafungua pochi, jiulize swali moja: simu hii itanifanyia kazi, au mimi ndiye nitakayeifanyia kazi? Ukipata jibu, hutahitaji ushauri wangu wala wa mwenye duka.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.