Chatu Anayegoma Kula na Chatu Anayeumwa: Kusoma Dalili za Nyoka wa Kufugwa



Mwenye nyoka akibisha hodi kwa daktari wa mifugo, mara nyingi lalamiko ni moja: nyoka hali chakula. Nitamzungumzia Python regius, chatu mfupi wa Afrika Magharibi na Kati, anayepatikana hadi Uganda na kufugwa kwa wingi majumbani Ulaya na Marekani. Huyu ni mgomaji kwa tabia. Dume mzima msimu wa kupandana anaweza kukaa miezi bila kugusa panya na asiwe na tatizo lolote. Jike mwenye mayai naye hugoma. Kwa hiyo isikilizeni mizani kuliko mwenye nyoka. Dume wa gramu 1,200 aliyepungua gramu 40 kwa miezi miwili, mwacheni. Akipungua zaidi ya asilimia 10, au uti wa mgongo ukianza kuchomoza, hiyo si tabia tena. Na kabla ya kuandika dawa, ulizeni joto la kizimba: upande wa moto uwe kama nyuzi 32 za Selsiasi, wa baridi kama 26. Chatu aliyepoa hawezi kumeng'enya, basi hukataa kula. Hapo ana akili kuliko anayemlazimisha.

Kujivua gamba nako huwatia watu hofu bure. Ngozi hufifia, macho huingia ukungu wa bluu, nyoka hujificha na kuwa mkali. Siku chache baadaye macho hung'aa, kisha gamba hutoka zima kuanzia puani, likijigeuza kama soksi. Likitoka vipandevipande, kizimba ni kikavu mno, au kuna utitiri: tafuteni vidoa vyeusi vinavyotembea chini ya kidevu na kandokando ya macho. Nyoka hana kope. Jicho hufunikwa na gamba angavu. La zamani likibaki hapo baada ya kujivua, msilibandue kwa kibano, mtamwachia kilema.

Linalonitisha mimi ni pumzi, na ndilo wafugaji wanalolipuuza. Chatu akipiga miayo baada ya kumeza, anarudisha taya mahali pake. Mluzi mwembamba siku za kujivua huenda ni gamba lililolegea puani. Lakini mluzi ukiendelea baada ya gamba kutoka, au akikaa ameinua kichwa, mdomo wazi, mapovu yakisikika kila anapovuta pumzi, huyo anaumwa. Hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, hivyo kamasi hutuama ndani. Mfungueni mdomo taratibu: ute wa afya ni mwepesi na hauna rangi. Mkikuta kamasi zinazovutika, au usaha mgumu kwenye fizi, atibiwe siku hiyohiyo. Vidonge vilivyobaki kabatini si vyake.

Kichwa kikipinduka kutazama juu, mtengeni mara moja na wenzake. Huenda ni virusi visivyo na tiba. Isipokuwa wale wa rangi iitwayo "spider", ambao huyumba kichwa tangu kuanguliwa kwa kasoro ya kurithi, wala hawaambukizi.

Akitapika mara moja baada ya kushikwashikwa, mpumzisheni wiki mbili bila chakula. Akirudia, leteni matapishi na kinyesi maabara. Na mnawe mikono kila mara, kwani salmonela hukaa pia ndani ya nyoka asiye na dalili hata moja.